Mwaka wa Bibi Mashavu

Nilimwona Nietiwe kabla yeye hajaniona, au ndivyo nilivyojidanganya. Ilikuwa siku ya pili baada ya maziko ya Mama Yohana, aliyekuwa mwenye nyumba wetu zamani, kwao Mbaga mlimani, na Nietiwe alikuwa amesimama uani karibu na mapipa ya maji, amejifunga kitenge kama sisi wote. Jambo la kwanza lililonijia moyoni halikuwa furaha ya kumwona mtu niliyekaa naye chumba kimoja wakati wa usichana wangu. Lilikuwa hili: huyu kafuata nini hapa? Nikaanza kumchunga. Anaongea na nani, kwa nini yule mama wa kwaya kanitazama kisha akainama, mbona wamenyamaza nilipopita na ndoo. Ndivyo nilivyo. Nikikuta mfuniko wa sufuria umekaa upande, siulizi nani kafunua, tayari nina jina la mtu kichwani. Watani wetu Wachaga hutucheka kwamba Mpare akikosa kesi anaugua, nami huwa nawajibu kwa ukali, lakini nikiwa peke yangu nakubali kwamba kwangu mimi hawakukosea sana. Niliwahi kufungua kesi, na nikaishinda, kwa ajili ya vitoto vya mnyama visivyozidi ukubwa wa harage. Aliyeshindwa kesi hiyo ndiye huyo aliyesimama kwenye mapipa, mvi zimemjaa kama mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nietiwe na mimi tulikuwa tunajitolea katika ofisi ya mifugo pale Same mjini, tunafagia, tunachemsha sindano, tunashika mbuzi wakati wa chanjo, na sote wawili tulikuwa tunataka kitu kimoja tu, nacho ni kwenda chuo cha mifugo. Mkubwa wetu, ambaye watu wote walimwita Bwana Mifugo, alikuwa mtu mwembamba asiyepaza sauti hata akiudhika. Alituambia mapema kabisa kwamba barua ya kumpendekeza mtu chuoni angeandika moja. Basi kila mmoja akampa kazi yake. Nietiwe alipewa kuku wa mayai waliokuwa nyuma ya ofisi. Mimi nilipewa hamsta, vile vipanya vya kizungu vya kufugwa. Walikuwa wawili, dume na jike, wameachwa na familia ya mwalimu wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, kila mmoja na tundu lake la nyaya. Hamsta wenyewe ni wa aina ile ndogo, anaenea kiganjani, rangi ya majivu, na mstari mweusi uliopita mgongoni kuanzia kichwani hadi kwenye kamkia usikoweza kukaona mpaka uelekezwe. "Huyu jike akizaa, ukaweza kuwakuza watoto mpaka wajilishe wenyewe," Bwana Mifugo aliniambia, "sitakuwa na wasiwasi nawe mbele ya ng'ombe." Nikamtazama Nietiwe. Alikuwa anatabasamu, na mimi nikajiuliza anatabasamia nini.

Chumba chetu kilikuwa cha uani katika nyumba ya Mama Yohana, karibu na stendi. Vitanda viwili vya chuma, sakafu ya saruji iliyopasuka kuanzia mlangoni hadi chini ya kitanda changu, dirisha moja linalotazama mlimani, na bati juu lisilo na dari. Mchana wa Same bati lile lilitukaanga. Jioni ule upepo wa Same, anayeujua anaujua, uliingiza vumbi hata ndani ya kikombe kilichofunikwa. Kati ya vitanda kulikuwa na meza, na juu ya meza nikaweka tundu la jike. Dume nilimweka juu ya sanduku karibu na mlango. Nilitandika maranda niliyoyaomba kwa fundi seremala, nikawapa ulezi, mbegu za alizeti na kipande cha karoti, na siku za joto kali nilifunika matundu kwa khanga mbichi. Jike alikuwa anajaza chakula mashavuni mpaka kichwa kinakuwa kipana kuliko kiwiliwili, halafu anakwenda kukitema kwenye kona yake ya akiba. Nietiwe ndiye aliyempa jina la Bibi Mashavu. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Mama Yohana hakuwapenda mwanzoni. Ukuta wetu na jikoni kwake ulikuwa wa matofali membamba, kila neno lilipenya, na nilimsikia akimwambia jirani, "Wasichana wangu wamefundishwa kufuga panya. Sisi tunawekea panya sumu, wao wanawanunulia karoti." Jirani akauliza kama panya hao hawaleti tauni. "Wana mhuri wa serikali," Mama Yohana akajibu, nami nikacheka mpaka nikaziba mdomo kwa mto. Lakini alipoambiwa Bibi Mashavu ana mimba, mama huyo alibadilika. Niliwaweka dume na jike pamoja siku tatu, nikawatenganisha, na baada ya kama majuma mawili tumbo la jike likawa linaburuza maranda. Kuanzia hapo Mama Yohana alikuwa anaingia chumbani kwetu kila asubuhi na kikombe chake cha chai ya tangawizi, ile kali ya huku kwetu milimani, anasimama mbele ya tundu na kuuliza, "Mama kijacho kaamkaje?"

Alizaa wiki ya Pasaka. Watoto sita, wekundu, hawana nywele, hawana macho, wanatetemeka ndani ya pamba. Nilikimbia kumwita Mama Yohana naye akafika na miwani yake. Mtu akizaa kwetu haachwi peke yake. Unaingia kumwona, unamnywesha uji, unambadilishia matandiko asilalie uchafu wa uzazi, unamshika mtoto, unamsifia, unampokeza mwingine. Mama yeyote wa Kipare angekushangaa ukimwambia mzazi hataki wageni. "Mtolee hiyo pamba, imelowa," Mama Yohana aliniambia. "Mwekee kavu. Na uji mwepesi wa ulezi, apate maziwa." Nikafanya yote hayo. Nilimwinua Bibi Mashavu kwa mikono miwili, nikawahamisha watoto kwenye kifuniko cha kopo, nikatandika upya, nikawarudisha mmoja mmoja. Nietiwe alisimama mlangoni na koti lake la kazi, akasema, "Mwache apumzike kwanza, Namsifu." Neno hilo nililikumbuka baadaye, na nililikumbuka vibaya.

Kesho yake walikuwa wanne. Nilipekua maranda yote, nikafunua kona ya akiba, nikatazama chini ya meza. Hakuna mfupa, hakuna tone la damu. Kesho kutwa alibaki mmoja, na jioni yake hakuwepo hata huyo. Paka hangeweza kupenya nyaya zile. Siafu wangeacha njia yao. Nyoka angemmeza na mama. Nilikaa kitandani na sahani ya makande magotini, makande mazuri ya Mama Yohana, yaliyochemka tangu asubuhi, na nikashindwa kumeza. Nietiwe alikuwa anakula. Alisema pole, akasema labda hawakuwa na afya. Nikatazama kijiko kinavyokwenda mdomoni mwake na kurudi, nikawaza: huyu ana kuku arobaini wanaotaga vizuri, na barua ni moja. Naandika hivi nikiwa na aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Halikuja polepole wazo hilo. Lilikaa tu, kama mgeni aliyekuta kiti.

Mara ya pili nilijipanga. Bibi Mashavu alipozaa tena, watoto watano, nilitega. Nilifunga unywele wangu mmoja kwenye mlango wa tundu ili nijue kama limefunguliwa. Nilinyunyiza unga wa sembe sakafuni kuzunguka meza ili nione nyayo. Kila baada ya saa moja au mbili nilikuwa natoka ofisini mbio, naingia chumbani, nakagua unywele, naufungua, nafunua pamba, nahesabu, nafunika, nafunga unywele mwingine. Bwana Mifugo aliniuliza kama ninaharisha. Na Mama Yohana, Mungu amrehemu, aliendelea kuniletea pamba kavu na uji. Bibi Mashavu alikuwa amebadilika. Alikuwa anazunguka kwenye tundu amebeba mtoto mdomoni, anamweka kona hii, anamchukua, anampeleka kona ile. Nilimwambia Mama Yohana, "Unaona? Hata yeye anajua kuna mwizi." Mama Yohana akatikisa kichwa kwa huzuni. "Uchungu wa mwana," akasema.

Alhamisi mchana nilikwenda kwa seremala kuchukua maranda. Niliporudi walikuwa wawili. Unywele ulikuwa umekatika, na kwenye unga kulikuwa na nyayo za kandambili, za Nietiwe, maana kandambili yake ya kushoto ilikuwa imepasuka kisigino. Moyo ulinienda mbio, na siwafichi, ndani yake mlikuwa na furaha kidogo, ile ya mtu aliyeambiwa yuko sahihi. Nietiwe alikuwa ameitwa ghafla kuchanja kuku, akarudi kuoga, akatundika koti lake kwenye msumari. Alipokwenda bafuni nikaingiza mkono mfukoni. Nikakuta karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi pamba yenye damu, na kwenye pamba kitu kidogo chekundu ambacho sikutaka kukitazama mara mbili.

Nilivaa viatu nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Mifugo na lile koti mkononi. Nietiwe alikuwa bado anaoga. Nilikuwa naisikia sauti ya kopo likichota maji nilipopita.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa Mama Yohana, chini ya kalenda ya kanisa, vitambaa vya kufuma vimetandikwa kwenye makochi kama kuna posa. Walikuwepo Bwana Mifugo, Mama Yohana, mimi na Nietiwe. Vitoto vyote vilikuwa vimekwisha kufikia siku hiyo. Nilisimama nikaeleza yote, unywele, unga, kandambili, pamba, na nilieleza vizuri, kwa mpangilio, mpaka Bwana Mifugo akawa anaitikia kwa kichwa. Nilipomaliza, akamgeukia Nietiwe. "Haya, binti. Pamba hii umeitoa wapi?"

"Kwenye tundu," Nietiwe akasema.

"Ulifungua tundu la mwenzako?"

"Nilifungua."

"Kwa nini?"

Nietiwe akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Mama Yohana akakohoa. Kisha akainamisha macho kwenye vitambaa na hakusema neno tena, si siku ile, si siku mbili zilizofuata. Bwana Mifugo hakumfukuza. Alisema tu, kwa sauti yake ileile ya chini, kwamba mtu anayemkomoa mwenziwe kupitia mnyama hawezi kukabidhiwa mnyama wa mtu. Jumatano asubuhi Nietiwe alifunga begi lake. Alitandika kitanda, akafagia upande wake wa chumba, akamuaga Mama Yohana. Mimi nilijifanya nimelala. Alipita karibu na meza, akasimama kidogo mbele ya tundu, halafu nikasikia kandambili ile iliyopasuka ikienda mpaka getini.

Sasa sikilizeni ukatili wa mambo. Bibi Mashavu alishika mimba ya tatu, na siku mbili kabla hajazaa mimi nikaanguka na malaria. Nikapandishwa kwa shangazi yangu Ugweno, kwenye baridi na migomba, nikalala huko majuma mawili. Nilipoteremka nilijua nitakuta tundu tupu. Nilikuta watoto watano, wana manyoya, macho yamefunguka, kila mmoja na mstari wake mweusi mgongoni, wanagombania mbegu ya alizeti. Mama Yohana alisimama nyuma yangu akipangusa mikono. "Mimi sikumgusa, mwanangu, ukweli naogopa kuumwa," akasema. "Nilifunika khanga, nikawa namwagia ulezi kwa juu tu na maji." Halafu akashusha sauti. "Umeona lakini? Mwizi kaondoka, watoto wamepona." Nikasema nimeona. Bwana Mifugo naye alipokuja kuwatazama alisema hivyohivyo, na wiki hiyohiyo akaandika barua.

Nilikuwa muhula wa pili chuoni nilipojua. Lilikuwa somo la sungura, asubuhi, na mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mnene aliyependa kutembea kati ya madawati. Akasema sungura aliyezaa, na jamii zote za panya wadogo wanaofugwa, haguswi wala hachunguliwi siku za mwanzo, pamba yake haibadilishwi, watoto wake hawashikwi. Akihisi kiota chake kimevamiwa huwabeba huku na huku, na akikosa pa kuwaficha huwala. Wenzangu waliguna. Mmoja akasema mama gani huyo. Mimi kalamu iliniganda mkononi. Niliona kila kitu mpaka mwisho, tangu uji wa Mama Yohana mpaka ule unywele wangu. Kila mara nilipofungua tundu kuhakikisha mwizi hajaja, mwizi alikuwa amefika. Na nilikumbuka sauti mlangoni: mwache apumzike kwanza, Namsifu.

Mngedhani nilimtafuta. Sikumtafuta. Nilimaliza chuo, nikapata kazi, nikazunguka vijiji hivi vya mlimani na tambarare mpaka nikastaafu, na sijui ni nyumba ngapi nimesimama mbele ya banda la sungura nikiwaambia watu, "Aliyezaa msimchungulie, mtamfanya ale wanawe." Nililisema hilo kwa wafugaji, kwa wanafunzi, kwa wachungaji wa kanisa. Nilimwambia kila mtu isipokuwa yule mmoja. Kila nilipofikiria kumwambia nilianza kumshuku upya: pamba ile je? Kama hakuiba, damu mfukoni ilitoka wapi? Nikaishikilia ile pamba miaka yote, maana bila hiyo nilibaki mimi peke yangu kwenye kosa.

Basi pale msibani nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, moshi unauma macho, nachambua maharage ya makande ya waombolezaji, Nietiwe akaja. Hakuuliza. Alivuta kigoda, akachukua ungo, akajimiminia maharage kutoka kwenye gunia langu.

"Pole na msiba, Namsifu."

"Asante. Pole na wewe."

Tukachambua. Wasichana wawili waliingia kuchukua sufuria, wakatuamkia shikamoo, tukaitikia marahaba kwa pamoja, wakatoka. Nikajua kwamba nisiposema kabla hawajarudi sitasema kabisa.

"Wale watoto wa Bibi Mashavu," nikasema. "Hukuwaiba."

"Najua," akasema. Mikono yake haikusimama.

"Alikuwa anawala mwenyewe. Kwa sababu yangu."

"Najua. Nilimwona."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaeleza bila kuinua uso. Alhamisi ile mchana mimi nilipokwenda kwa seremala, yeye aliingia kuchukua kitana. Bibi Mashavu alikuwa amekaa kwa miguu ya nyuma, amemshika mtoto kwa mikono miwili kama anayetafuna karanga. Nietiwe akafungua tundu, akatoa kilichobaki na pamba iliyochafuka. "Nilitaka kukifukia nyuma ya banda la kuku usikikute," akasema. "Nilijua ungelia. Ulikuwa umeshalia mara ya kwanza. Halafu Bwana Mifugo akaita, nikatia mfukoni."

"Mbona hukusema? Kwenye kikao, mbona hukusema?"

"Ningesema nini pale, Namsifu? Kwamba mama kala wanawe? Mbele ya Mama Yohana na vitambaa vyake? Mngesema nimeua, na sasa namsingizia mnyama asiyeweza kujitetea." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Na nilikuwa nangoja uniulize. Tulikuwa tunalala hatua mbili mimi na wewe. Ulipita mlango wa bafu, mimi nipo ndani, ukapeleka koti langu kwa watu. Hata siku moja hukuniuliza."

Nikamwambia anisamehe. Alinyoosha kidole kwenye ungo wangu akasema, "Umeacha jiwe hapo." Nikalitoa. Nilikuwa nalia na sikujali nani anaona. Nilitaka kujieleza, nina maelezo mengi mimi, nimeyaandaa miaka, na yote yalianza na neno mimi. Nikayaacha. Nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ile nikiwa na viatu miguuni na koti mkononi.

"Jumatano ile ulipotoka na begi," nikamwuliza, "ulikwenda wapi?"

Mikono yake ikasimama. Akaniangalia jinsi mimi ninavyowaangalia watu, akitafuta kilichofichwa nyuma ya swali, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

"Unauliza ili iweje?"

"Nauliza tu, Nietiwe. Nataka kujua."

Akaweka ungo chini.

"Nilikwenda Kileo," akasema. "Kwa shangazi. Nilifika jioni, lakini habari zilikuwa zimeshanitangulia. Shangazi alinipokea begi, akanipa maji ya kunywa, akanikalisha. Halafu akaenda kufunga kabati la vyombo kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani, ndipo akaja kunisalimia."